Klachi Inapovuja: Tafuta Tone Kabla ya Kutoa Pesa

Somo la wiki hii ni la ndugu zetu walioko Durban, hasa upande wa Bluff, waliochanga wakanunua pikapu, au bakkie kama wenyeji wanavyoiita, ili iwapeleke saiti. Gari la namna hiyo ndilo linaloleta mshahara. Likigoma kuingia gia alfajiri, watu wanne wamepoteza siku. Kwa hiyo fundi akisema "klachi imekwisha, lete pesa ya klachi nzima", anasikilizwa haraka, na pesa inayotoka ni ile iliyotengwa kwa ada ya watoto nyumbani.

Sisi kazi yetu ni mahesabu, lakini hesabu ya gereji huanza na swali moja: unalipia nini?

"Klachi" ni vitu viwili

Cha kwanza ni pleti ya klachi na wenzake, vilivyofichwa kati ya injini na giaboksi. Kuvifikia lazima giaboksi ishushwe, ndiyo maana bei ni kubwa.

Cha pili ni njia ya mafuta. Ukikanyaga pedali, pampu ya juu inasukuma mafuta ya breki kupitia paipu hadi pampu ya chini, nayo inaiachisha klachi. Paipu hiyo ina kipande cha chuma na kipande cha mpira. Ikivuja, pedali inakosa nguvu hata kama pleti bado ni nzima.

Dalili zake hazifanani. Injini ikinguruma lakini gari haliongezi mwendo, hasa kwenye mlima, pleti inateleza. Pedali ikiwa laini, ikishuka hadi chini, au gia zikikataa na rivasi kukwaruza, anza na njia ya mafuta.

Bluff iko kati ya bahari na bandari. Hewa yake ina chumvi, na chuma kinapata kutu upesi. Paipu na nati zake ziko chini ya gari, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Uchunguzi wa nusu saa

1. Fungua boneti, tazama kopo la mafuta. Yakiwa chini ya alama ya MIN, au ukijaza na baada ya siku chache yameshuka tena, kuna mahali yanatoka.

2. Usiku tandika kadibodi safi chini ya gari. Asubuhi angalia tone limeangukia wapi. Maji ya AC yanakauka bila kuacha alama. Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi. Mafuta ya breki yanateleza, na rangi yake ni ya manjano hafifu hadi kahawia.

3. Ukiwa na shaka, tia tone kwenye glasi ya maji. Oili inaelea juu. Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3 au DOT 4, yanachanganyika na maji. Glasi hiyo usiirudishe jikoni.

4. Fuata njia yote. Ndani ya gari, pitisha kidole juu ya pedali pale fimbo inapoingia ukutani. Kukiwa na unyevu, pampu ya juu inavuja. Kisha kagua paipu ya chuma, paipu ya mpira, kila nati, na mpira unaofunika pampu ya chini. Zima injini, vuta hendibreki, weka mawe kwenye magurudumu, mwenzako akanyage pedali polepole wewe ukiangalia kwa tochi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

5. Kama nje ni kukavu na mafuta hayapungui, lakini ukishikilia pedali inazama taratibu, pampu ya juu imechoka kwa ndani.

6. Kama tone linatoka chini kabisa, pale giaboksi inapoungana na injini, na gari lako ni la aina yenye pampu ya chini ndani, hapo giaboksi lazima ishuke. Hakikisha kwanza si oili ya injini au ya giaboksi. Kwa gari la namna hii tu, kubadilisha na pleti iliyozeeka ni akili, maana gharama ya kufungua unailipa mara moja.

Angalizo: magari mengi yanatumia kopo moja kwa klachi na breki. Mafuta yakiendelea kushuka, breki nazo zinaweza kuingia hatarini. Usiteremke mlima wa Bluff na wenzako nyuma kwa kusema "nitajaza tu njiani".

Matengenezo sahihi

Paipu iliyotoboka inabadilishwa. Haibandikwi gundi, haifungwi tepu. Nati yenye kutu ipulizwe dawa ya kulainisha na isubiriwe, kisha ifunguliwe kwa spana maalumu ya nati za paipu. Ya kawaida hula kona zake. Washa za shaba zikiwepo, ziwe mpya.

Baada ya hapo lazima hewa itolewe. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine anafungua nipo ya pampu ya chini, mafuta na hewa vinatoka kwenye kimpira hadi kwenye chupa, nipo inafungwa, ndipo pedali inaachiwa. Rudieni mpaka povu liishe, na kopo lisikauke katikati ya kazi. Tumia mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko, kutoka chupa mpya, kwa sababu iliyokaa wazi hunyonya unyevu. Oili ya injini usitie kamwe. Inaharibu mipira yote. Mafuta ya breki yakidondokea rangi ya gari, osha kwa maji papo hapo.

Sasa hesabu

Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Klachi nzima na ufundi: R6,000. Paipu, mafuta na ufundi: R1,200. Tofauti ni R4,800. Mkiwa wanne, kila mmoja ana R1,200 ya kutuma nyumbani. Lakini hesabuni na siku iliyopotea. Kama kila mmoja anapata R350 kwa siku, gari likilala siku mbili mmepoteza R2,800. Spea ya bei chee inayosubiriwa siku mbili inaweza kuwa ghali kuliko iliyopo leo.

Haki yako gereji

Sheria ya kumlinda mlaji ya Afrika Kusini, Consumer Protection Act namba 68 ya 2008, inakusaidia hata kama wewe ni mgeni. Kifungu cha 15 kinataka upewe makadirio na ukubali kabla kazi haijaanza. Ada ya uchunguzi nayo utajiwe mapema. Usisaini karatasi inayosema huhitaji makadirio. Kifungu cha 57 kinatoa dhamana ya miezi mitatu kwa spea iliyofungwa na ufundi wake, ila si kama umeitumia vibaya. Kifungu cha 67 kinakupa haki ya kurudishiwa spea ya zamani. Idai. Paipu iliyotoboka mkononi ndiyo risiti ya kweli kwamba hukupigwa.

Kazi ya wiki hii

Jumamosi tandikeni kadibodi, pimeni kopo, andikeni tarehe na kiwango kwenye daftari la gari. Kisha fungueni mfuko wa matengenezo: kila anayepanda aweke kiasi kidogo kila siku ya malipo, mbali na pesa ya kutuma. Siku klachi itakapovuja, ada ya mtoto haitaguswa.