Tumbo lililolegea baada ya uzazi: nifanyiwe upasuaji?

Swali: Daktari, nina watoto wanne na tumbo limening'inia. Nasikia Dar es Salaam wanalikata. Niende? – Msomaji, Lusu, Nzega

Jibu: Kabla hujauza ng'ombe, dada, jiulize kama umemaliza kuzaa, kwa kuwa mimba nyingine huweza kulegeza tena kilichokazwa. Na usitarajie kupungua uzito. Huondolewa ngozi iliyozidi, hukazwa misuli iliyoachana, na hubaki kovu refu kutoka nyonga hadi nyonga. Anzia Nzega, upimwe ngiri, sukari, presha na wingi wa damu.

Huko Dar, Hospitali ya Muhimbili-Mloganzila hufanya upasuaji rekebishi. Kokote uendako, hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kurudi nyumbani baada ya upasuaji. Kukaa kwenye basi kutwa nzima mapema mno huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, kisha bonge likapanda mapafuni. Tafuta pa kufikia Dar hadi uruhusiwe kusafiri. Nyumbani, takriban wiki 6 hakuna ndoo kichwani, jembe wala kutwanga. Nani atachota maji? Mguu mmoja ukivimba au pumzi zikibana, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali saa hiyohiyo.