Rubisko katika Jani la Tumbaku: Uunganishaji wa Protini na Suala la Istilahi

Usoke ni kituo cha Reli ya Kati magharibi ya Tabora, katika nchi ya miombo iliyopitiwa na misafara ya Ujiji kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Zao kuu la biashara huko, kama kwingineko wilayani Urambo, ni tumbaku. Mwanafunzi wa Usoke huijua tumbaku tangu kwenye kitalu hadi kwenye bani la kukaushia. Hata hivyo, habari za ndani ya jani hilo humjia sekondari kwa Kiingereza. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) iliweka msingi wa istilahi za taaluma hizo, lakini elimu ya protini imesonga mbele sana tangu hapo. Makala haya yanachunguza protini moja ya usanisinuru, yaani Rubisko, na jina lifaalo kupewa protini zinazoiunganisha.

Rubisko ni kimeng'enya kinachonasa kabonidioksaidi ya hewani ili iundwe sukari. Ni kimeng'enya kizito na kivivu: kila kitovu chake cha utendaji hunasa molekuli chache tu kwa sekunde, na kwa sababu hiyo mmea hulazimika kukitengeneza kwa wingi mno. Katika mimea kama tumbaku huweza kufikia nusu ya protini zote za jani ziyeyukazo majini. Sehemu ya nitrojeni ya mbolea anayotia mkulima huishia humo.

Umbo lake ni la vijenzi 16, vikubwa 8 na vidogo 8. Vikubwa hukaa katikati, viwili viwili. Vidogo hufunika juu na chini, vinne kila upande. La ajabu ni kwamba vijenzi hivi havitoki mahali pamoja. Maelekezo ya kijenzi kikubwa yamo katika DNA ya kloroplasti yenyewe. Kwa tumbaku, DNA hiyo, yenye jozi za besi zaidi ya 155,000, ilisomwa yote nchini Japani mwaka 1986. Maelekezo ya kijenzi kidogo yamo katika kiini cha seli. Hutengenezwa nje ya kloroplasti kikiwa na mkia wa mbele ulio kama hati ya kupitia, kisha huvuka utando na mkia huo hukatwa.

Kijenzi kikubwa kikiachwa peke yake hushikamana ovyo na vingine na kuwa donge lisilo na kazi. Mwaka 1980, katika kloroplasti za njegere, Barraclough na Ellis walionesha kwamba vijenzi vikubwa vipya hushikwa kwanza na protini nyingine ambayo haimo katika Rubisko iliyokamilika. Protini hiyo ina umbo la chumba chenye kifuniko. Mnyororo huingia, hujikunja humo kwa faragha, kisha hutolewa. Protini nyingine huvipanga vijenzi vikubwa hadi vitimie 8, na moja huvilinda mpaka vijenzi vidogo vifike na kuisukuma itoke. Wasaidizi hao ni muhimu kiasi kwamba Rubisko ya mmea haikuweza kuundwa ndani ya bakteria hadi mwaka 2017, walipotiwa pamoja nayo. Rubisko ya tumbaku ilifuata mwaka 2020.

Ellis ndiye aliyeeneza, mwaka 1987, jina shaperoni kwa protini za namna hii. Asili yake ni bibi mtu mzima aliyefuatana na msichana ili kumkinga na maingiliano yasiyofaa. Kiswahili kina watu wa kufananishwa naye. Kirangozi wa msafara, ajapokuwa jirani wa Usoke kihistoria, hafai: yeye huongoza njia na hubaki na msafara, na shaperoni haifanyi yote mawili. Kungwi anavutia zaidi, kwani mwali huwekwa ndani na baadaye hutolewa. Ila kungwi hufunza, na hapa ndipo tashbihi inapovunjika. Umbo la protini limo tayari katika mpangilio wa asidi zake za amino, jambo lililomletea Anfinsen Tuzo ya Nobel mwaka 1972. Shaperoni haiongezi elimu yoyote. Huzuia madhara tu.

Mkunga hana kasoro hiyo. Hamuumbi mtoto wala hahesabiwi katika ukoo wake, lakini bila yeye huenda uzazi ukaharibika. Kwa hiyo inapendekezwa istilahi protini-mkunga, ingawa faragha ya chumba, ambayo kungwi aliibeba vizuri, inapotea. Kuhusu upatanisho wa kisarufi, neno kuu ni protini. Hivyo isemwe protini-mkunga imekiachia kijenzi, si amekiachia, na wingi wake ubaki protini-mkunga zimekiachia, bila kuligeuza neno la pili kuwa wakunga.