Kazi ya Kompyuta Ikihamia Ng'ambo: Somo la Akiba kwa Tulio Sterling

Leo tunaweka pembeni habari za viwango vya kubadilisha dola, tunagusa pale dola yenyewe inapotoka, yaani kazini. Wengi wetu hapa Sterling, na majirani wa Ashburn na Herndon, tumeingia kwenye TEHAMA. Wengine tulianza kwa kubeba boksi pale Dulles, tukasoma usiku, tukapata cheti, tukakaa kwenye kiti. Nyumbani wakasikia "siku hizi anafanya kazi ya kompyuta", basi maombi yakaongezeka.

Somo la leo ni hili: kabla hujaahidi hela nyumbani, jua kama kazi yako inaweza kusafiri kwa waya.

Kisa cha jamaa yetu

Jamaa mmoja wa hapa hapa alikuwa anaangalia mitandao ya wateja zamu ya usiku. Siku moja wakaambiwa wawafundishe kazi wenzao wa ng'ambo kwa video. Wiki sita akafundisha, akaandika kila hatua. Wiki ya saba akaitwa ofisini akapewa barua.

Nyumbani hakusema kitu. Akaendelea kutuma dola 600 kila mwezi, miezi mitatu, kwa kadi ya mkopo. Nyumba yake ya Kigamboni ikasimama kwenye lenta. Alipotuletea makaratasi yake, deni la kadi lilikuwa limeshapita akiba yote. Jamaa si mzembe wala si mlevi. Alikosea hesabu moja tu, ya kudhani mshahara ule ni wa kudumu.

Na hili si jambo geni hapa kwetu. AOL ilikuwa na makao makuu pale Dulles, na kwa watu wa eneo hili ilionekana kama mlima. Mwaka 2007 ilitangaza kuhamishia makao makuu New York, na mwaka huohuo ikatangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 2,000 duniani. Leo ukipita maeneo yale unaona majengo makubwa yasiyo na madirisha, vituo vya data. Kazi zipo, lakini si zilezile.

Pima kazi yako kwa maswali matatu

1. Je, kazi yako inaweza kuandikwa hatua kwa hatua kwenye karatasi? Kubadilisha nywila za watu, kupokea simu za watumiaji, kujaribu programu, kuangalia taa nyekundu kwenye skrini: hizo zinaandikika. Kinachoandikika kinahamishika, na siku hizi hata mashine inaweza kupewa.

2. Je, inahitaji mwili wako uwe pale? Seva ikiungua Ashburn, mtu wa Bangalore hawezi kuibadilisha. Mafundi wa vituo vya data, wa umeme na wa mitambo ya kupoza hewa wana kinga hiyo. Kampasi ya Loudoun ya chuo cha NOVA iko hapa hapa Sterling, na wanafundisha uendeshaji wa vituo vya data. Ila tuseme ukweli, kituo kikishajengwa hakihitaji watu wengi kama kiwanda.

3. Je, kuna sheria inayotaka kazi ifanyike hapa? Kazi nyingi za serikali zinataka kibali cha usalama, na kibali hicho kwa kawaida kinataka uraia wa Marekani. Ukishapata uraia, cheti kama Security+ kina uzito kwenye kazi za wizara ya ulinzi. Lakini mikataba ya serikali nayo hukatwa, usilale.

Kama jibu la swali la kwanza ni ndiyo, na mengine mawili ni hapana, kazi yako iko kwenye mlango wa kutokea. Hatusemi uiache. Tunasema usijengee ghorofa juu yake.

Upande wa kodi

Kuanzia 2022 kampuni zilitakiwa kugawanya gharama za utafiti na kutengeneza programu kwa miaka 5 kama kazi imefanyika Marekani, na miaka 15 kama imefanyika nje. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeruhusu tena gharama za ndani zikatwe mwaka huohuo, ila za nje zimebaki miaka 15. Hiyo ni nafuu kwa anayetengeneza programu mpya hapa. Kwa anayepokea simu za watumiaji haimgusi, kwa sababu kazi yake haihesabiwi kuwa utafiti.

Wengine watauliza, si afadhali kazi ziende kwa ndugu zetu? Kweli, nyingine zinakwenda. Microsoft ilifungua kituo cha kutengeneza programu Nairobi mwaka 2019. Lakini mwaka huohuo Andela, iliyokuwa inawaunganisha vijana wa Lagos, Nairobi na Kampala na kampuni za nje, iliachisha mamia ya wale wa ngazi ya chini, ikisema wateja wanataka wazoefu. Mchezo ni mmoja pande zote, anayeanza ndiye anayetikiswa kwanza. Kwa hiyo ukimsomesha mdogo wako kompyuta, mwambie asiishie kwenye cheti cha kwanza. Na wewe usiishie hapo.

Hesabu yenyewe

Tuseme mkononi unapata dola 4,200 kwa mwezi. Kodi ya nyumba 1,750, chakula 450, gari na bima yake 650, umeme, simu na intaneti 250. Jumla ya kuishi ni 3,100. Nyumbani unatuma 600, ujenzi 500. Imebaki sifuri. Hivi ndivyo wengi wetu tunavyoishi, tusidanganyane.

Sasa igawe ile 600. Tuseme 200 ni dawa za mama na ada, haiguswi. Hizo nyingine 400 ni harusi, simu na "nitumie kidogo". Ukipoteza kazi unahitaji 3,300 kwa mwezi. Kwa miezi minne ni 13,200. Ukisimamisha ujenzi (500) na kupunguza 100 kwenye ile 400, unaweka 600 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza wa akiba unakamilika ndani ya miezi sita, yote minne ndani ya miezi 22. Ni mingi, ndiyo. Ndiyo maana mtu haanzi siku ya barua.

Mengine ya kukumbuka:

- Kiinua mgongo hukatwa kodi. Kwenye 12,000 kwa kawaida wanazuia 22% ya serikali kuu, 7.65% ya Social Security na Medicare, na Virginia 5.75%. Unabaki na kama 7,750. Usiahidi 12,000.
- Bima ya afya ya kazini unaweza kuendelea nayo kwa COBRA, kwa kawaida hadi miezi 18, lakini unaweza kutozwa hadi 102% ya gharama yake yote. Iweke kwenye hesabu.
- Ukigusa 401(k) kabla ya miaka 59½, kwa kawaida unalipa kodi na faini ya 10% juu.
- Walio na viza ya H-1B wana hadi siku 60 tu baada ya kazi kuisha. Akiba yenu ianze mapema kuliko ya wengine.
- Tangu Januari 2026, kutuma hela nje kwa fedha taslimu kuna kodi ya 1%. Tuma kutoka akaunti ya benki au kadi ya benki ya Marekani, haikuhusu. Kwa 600 kwa mwezi unaokoa dola 72 kwa mwaka.

Simu ya kupiga Jumapili

Kilichommaliza jamaa yetu zaidi ni ukimya. Alipompigia mama yake hatimaye, baada ya shikamoo akaeleza yote. Mama akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, miezi yote hiyo ulikuwa unakopa ili mimi ninunue sukari? Ungeniambia." Sasa jamaa anafanya kazi kwenye kituo cha data, mshahara umepungua kidogo, anatuma 250. Nyumba bado iko kwenye lenta. Deni limebaki nusu.

Zoezi la wiki hii: jibu yale maswali matatu kwenye karatasi, igawe ile hela ya nyumbani kuwa "haiguswi" na "mengineyo", halafu piga simu uwaambie wazi. Fanya hivyo ukiwa bado una kazi. Akiba haiozi.