Mwanafunzi wa Uzamili na Tekinolojia ya Kufundishia Fonolojia ya Kiswahili: Mfano wa Kisii na Nyamira

Utangulizi

Mnamo Machi 2020, vyuo vikuu nchini Kenya vilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, wahadhiri wengi walilazimika kuhamishia mihadhara yao mtandaoni. Dharura hiyo ilidhihirisha kwamba kuwa na tarakilishi ni jambo moja, na kuifundishia ni jambo jingine. Mhadhiri aliyebobea katika fonolojia si lazima awe mjuzi wa programu. Naye mwanafunzi wa uzamili aliyezizoea programu huenda hajawahi kupanga somo la muhula mzima. Makala haya yanajadili jinsi wawili hawa wanavyoweza kufaana. Hoja ya msingi ni kwamba msaada wa mwanafunzi hauna budi kuanzia kwenye tatizo la somo, wala si kwenye kifaa.

Tatizo la somo

Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kuandaa walimu, basi, ni kazi iliyo katika asili yake. Wengi wa wanaojifunza Kiswahili katika kaunti za Kisii na Nyamira wana Ekegusii kama lugha ya kwanza. Ekegusii ina sauti /r/ lakini haina /l/. Kwa hiyo mzungumzaji huweza kutamka kula kama kura, na mahali kama mahari. Mhadhiri hueleza kwamba katika kitambaza /l/ hewa hupita kandoni mwa ulimi, ilhali katika kimadende /r/ ncha ya ulimi hupigapiga ufizi. Maelezo hayo ni sahihi, ila sikio halizoezwi kwa maelezo matupu.

Mchango wa mwanafunzi wa uzamili

Hapa ndipo tekinolojia inapofaa. Praat, programu iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, hutolewa bila malipo, na ikishawekwa kwenye tarakilishi haihitaji mtandao. Huonyesha sauti iliyorekodiwa kama mchoro, hivi kwamba tofauti ya /l/ na /r/ husikika na kuonekana pia. Mhadhiri ateue jozi za maneno. Mwanafunzi arekodi wasemaji waliotoa idhini. Kisha wote wawili waijaribu kazi hiyo kabla ya mhadhara, kipanya kikiwa mkononi mwa mhadhiri. Rekodi hizo zikihifadhiwa katika simu, mwanagenzi aendaye Nyamira kwa mazoezi ya kufundisha ataweza kuwachezea wanafunzi wake hata pasipo na mtandao.

Vikwazo

Kikwazo kikubwa si umeme wala gharama, bali ni haya. Mhadhiri huona vigumu kumwuliza mwanafunzi wake. Mwanafunzi naye huchelea kumsahihisha mwalimu wake. Matokeo yake, mwanafunzi hufanya kazi yote peke yake, tasnifu yake ikikwama. Siku anapohitimu, ujuzi huondoka naye. Kuuliza si ujinga, wala kuelekeza si utovu wa adabu. Idara nazo zinapaswa kuitambua kazi hii kwa kuitengea saa na kuilipia, isigeuke kuwa utumishi usio na mwisho.

Aidha, rekodi zisigeuzwe kichekesho. Mgusii anayetamka /r/ mahali pa /l/ hadhihirishi uzembe; anafuata mfumo wa lugha yake ya kwanza, na mfumo huo nao ni somo la isimu.

Hitimisho

Mafanikio ya ushirikiano huu yasipimwe kwa wingi wa vifaa ukumbini. Kipimo chake ni muhula unaofuata, mwanafunzi wa uzamili akiwa ameshaondoka: je, mhadhiri ataendelea kuifungua programu kwa mkono wake? Na je, mtoto wa darasani kule Nyamira ataweza kutenganisha kula na kura?