Baba, Mawe Haya ni ya Nini?

Somo la nyumbani kwa wazazi na waalimu. Soma kwanza: Yoshua 4:1-9, Luka 2:41-52, Zaburi 78:1-8.

Mwezi huu tujifunze juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni matembezi ya baba na mama pamoja na watoto wao. Wengine husema, “Kutembea ni kazi ya wageni wenye fedha, au ya watoto wa shule na mwalimu wao. Sisi tuna mashamba na nyavu.” Lakini Maandiko yatuonyesha njia nyingine.

1. Safari ya nyumba nzima

Twasoma kwamba Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kila mwaka wakati wa Pasaka, na Yesu alipokuwa mtoto wa miaka 12 alikwenda pamoja nao. Watu hawa hawakuwa matajiri, maana sadaka waliyoitoa baada ya kuzaliwa kwake ilikuwa ile ya maskini, yaani ndege wawili. Hata hivyo waliziacha kazi zao kwa siku kadhaa, wakasafiri na ndugu na jamaa. Tena angalieni walivyomkuta Hekaluni: alikuwa akisikiliza na kuuliza. Mtoto asiyepelekwa popote ana machache ya kuuliza. Na mtoto aulizaye asipojibiwa na babaye, atajibiwa na mwingine.

Katika kitabu cha Yoshua twaona mawe 12 yaliyotolewa katika mto Yordani, ili watoto wa baadaye wakiyaona wawaulize baba zao maana yake. Mawe hayakuagizwa kusema. Jiwe halina kinywa. Walioagizwa kusema ni baba.

2. Mawe ya pwani yetu

Sisi tukaao Pande na vijiji vya jirani tunayo mawe mengi ya kuulizwa. Kisiwa cha Songo Mnara ki jirani nasi. Pale pana mji wa kale uliokaliwa tangu karne ya 14 hata karne ya 16: nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, misikiti mitano, makaburi mengi, na ukuta wa mji. Mtoto aweza kuingia mlangoni mwa nyumba ya watu waliokufa zamani sana, akasimama chumbani mwao, akaona mahali walipoweka taa.

Kaskazini yake ni Kilwa Kisiwani, ng’ambo ya mlango wa bahari mbele ya Kilwa Masoko. Msikiti Mkuu wa hapo ulianza kujengwa katika karne ya 11, ukaongezwa sana mwanzoni mwa karne ya 14. Zamani zile sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali lielekealo bahari, jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Waacheni watoto wazihesabu pembe hizo wenyewe. Mali ya mji ilitoka katika biashara ya dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu, nao Kilwa walipiga sarafu zao za shaba. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya Australia! Jinsi zilivyofika huko, wenye elimu hawajapatana. Mwulizeni mtoto yeye aonaje. Maana swali lisilo na jibu nalo ni zawadi kwa akili yake. Mwaka 1981 miji hii miwili iliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa ulimwengu wote.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akausifu mji kwa uzuri wake. Asimulia kwamba siku ya Ijumaa, sultani huyo al-Hasan alipotoka msikitini, maskini mmoja wa Yemeni alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakukasirika. Alirudi, akabadili nguo, akampa zile alizoombwa. Msimulieni mtoto habari hii mahali pale pale, kisha someni Luka 3:11, neno la Yohana juu ya mwenye kanzu mbili. Mkristo hapungukiwi kitu akisifu jema la Mwislamu. Majirani zetu wengi hapa ni Waislamu; mtoto na ajue kwamba wema ulikuwako katika nyumba za wazee wao.

3. Jibu lisilokatwa nusu

Lakini habari ya sultani haikuishia hapo. Ibn Battuta aendelea kusema kwamba mwana wa sultani alizichukua tena zile nguo, akampa maskini watumwa 10 badala yake. Naye sultani, aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe. Basi watu 20 walitolewa zawadi pamoja na meno ya tembo, wala hakuna aliyeandika majina yao.

Hapa ndipo wazazi wengi hukata habari, wakasema, “Mtoto ni mdogo, asisikie.” Tusifanye hivyo. Zaburi ya 78 yatuambia tusiwafiche watoto. Na mtunga zaburi hakusimulia matendo makuu ya Mungu tu, bali na uasi wa baba zake pia, ili watoto wasiufuate. Mtoto aliyesimuliwa uzuri tu ataabudu mawe. Mtoto aliyesimuliwa ubaya tu atawadharau waliokaa humo. Aliyesimuliwa yote mawili atajifunza kumcha Mungu.

Nanyi mtakapokwenda Kilwa Kivinje, jibu hili litahitajiwa zaidi. Katika karne ya 19 mji ule ulikuwa bandari kubwa ya watumwa waliotoka pande za ziwa Nyasa. Walifika wakiwa wamefungwa, na watoto walikuwamo miongoni mwao. Mwaka 1873 sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kukataza kuwapitisha baharini, na hata baada yake wengi walipitishwa kwa miguu. Watoto wenu wakisimama pale pwani, waambieni: “Mtoto wa umri wako alisimama hapa, asijue anakopelekwa.”

Tena tujihadhari tusigeuze habari hii kuwa fimbo ya kumpigia jirani. Maana mtoto akiuliza, “Je, Wakristo walifanya nini?” jibu ni hili. Mwaka 1505 Wareno waliingia Kilwa Kisiwani na misalaba mbele yao, kisha wakauteka mji nyara. Na ngome iitwayo Gereza ilianzishwa nao. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliagana na sultani wa Kilwa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe kwenye visiwa vya mashamba ya Wafaransa. Walionunua na waliouza, wote walikuwa na jina la dini midomoni. Kwa hiyo mbele ya mawe haya hakuna awezaye kujisifu. Wote tumetenda dhambi, na wote twahitaji rehema ile ile. Hili ndilo fundisho la Kilwa kwa nyumba ya Kikristo, nalo halipatikani kwa kukaa nyumbani.

4. Mambo ya kuangalia safarini

Kwanza, maji. Ulizeni wenyeji saa ya maji kujaa na kupwa kabla ya kupanga siku. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu maji ya bamvua hupanda sana na kutoka sana, na huko Songo Mnara maji yakitoka mtatembea kwa miguu kati ya mikoko. Wakati wa kusi bahari huchafuka. Nahodha akisema, “Leo hapana,” msimshurutishe kwa sababu watoto wanalia.

Pili, chombo. Msipakie watu kupita kiasi ili kupunguza nauli. Kila mtoto na avae boya. Fedha iliyobaki mfukoni haitamfariji mama aliyepoteza mtoto.

Tatu, hesabu. Yusufu na Mariamu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani mtoto yumo katika msafara. Kila mmoja alidhani yuko na mwenzake. Basi wahesabuni watoto mnapopanda, mnaposhuka, na mnapokula. Na kila mkubwa atajiwe watoto wake kwa majina.

Nne, adabu. Visiwa hivi vina wenyeji. Chukueni kibali Kilwa Masoko kwanza, na mfikapo pigeni hodi, watoto wawaamkie wazee kwa shikamoo. Misikiti ile, ijapokuwa imebomoka, ilikuwa nyumba za sala. Na makaburi ni ya wazee wa watu. Mtoto asipande juu ya kuta, asichore jina lake, asiokote kigae wala sarafu.

Tano, chakula. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha, na muhogo au maandazi, na kitambaa cha kichwa. Mtoto mwenye kiu hasikii fundisho lo lote.

5. Kwa wasio na nauli

Nyumba isiyoweza kuvuka isihuzunike. Maji yakipwa, baba na ashuke pwani na watoto wake bila wavu na bila haraka, wawatazame kaa na konokono wa mikokoni, wasome Zaburi 104 wakiwa wameketi chini ya mbuyu. Kazi hii ni ya baba pia. Wengi wetu tumewaachia mama na mwalimu maswali yote ya watoto, na mtoto hutujua kwa sauti ya kukemea tu. Siku moja ya kutembea pamoja yaweza kufungua kinywa kilichofungwa mwaka mzima.

Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini Mungu alitaka watoto waulize, wala hakuagiza mawe yaandikwe maneno?
2. Ni habari gani ya kijiji chetu ambayo watoto hawajaambiwa? Ni nani aijuaye, naye ana umri gani?
3. Utamjibuje mtoto akikuuliza kwa nini wenye msalaba waliteka mji nyara?
4. Je, ni lini mara ya mwisho wewe baba ulitembea na watoto wako bila kuwatuma kazi?

Swali la pili msiliache hata mwaka ujao, maana wazee hawatungoji. Bwana na azilinde safari zenu na kuwarudisha wote, bila kupungua hata mmoja. Amin.