SOMO LA VIKUNDI: LALAMIKO LISILO NA RISITI

Somo la leo ni fupi, lakini linamgusa kila mwenye mtoto shuleni. Tunajifunza namna ya kupeleka malalamiko kwa ofisi ya elimu, na namna ya kuisaidia ofisi hiyo ibadilishe jinsi inavyoyapokea. Anayejua kusoma vizuri awasomee wenzake polepole, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

1. TUTAZAME

Mama mmoja mjane, wa kikundi tunachokitembelea, alikuwa na binti aliyemaliza Kidato cha Nne. Binti alifaulu na akapata nafasi chuoni. Lakini shule ilikataa kumpa cheti chake kwa sababu ya deni la karo. Mama akaja kwetu. Tukamwambia, "Enda ofisi ya elimu uongee nao kwa heshima, watakusaidia."

Alienda mara nne. Mara ya kwanza mkubwa alikuwa mkutanoni. Mara ya pili aliambiwa, "Tutaongea na prinsipo, rudi wiki ijayo." Mara ya tatu ofisa aliyemsikiliza alikuwa amehamishwa. Mara ya nne alikuta ofisa mpya, naye akamwuliza, "Mama, shida ni nini?" Ikabidi aanze upya. Kila safari ilikuwa ni nauli, na ni siku nzima ya kuchuma chai iliyopotea.

Mwishowe tulifuatana naye. Tukaomba kuonyeshwa mahali shida yake ilipoandikwa. Hapakuwa na daftari, wala faili, wala karatasi. Kwa hesabu ya ofisi, mama huyu hakuwahi kufika hapo. Siku hiyo tuliandika barua, kopi mbili, zikapigwa muhuri. Baada ya wiki chache cheti kilitoka, lakini chuo kilikuwa kimeshafunguliwa na nafasi ya mwaka huo ikaenda. Tunakiri kwamba kosa lilikuwa letu pia. Tulimtuma mikono mitupu.

2. TUPIME

Sisi watu wa chai tunajua jambo moja. Ukifikisha majani kituoni, yanapimwa mbele yako na unapewa risiti yenye kilo na tarehe. Hakuna anayemwaga majani yake na kwenda nyumbani akisema, "Karani ni mtu mzuri, atakumbuka." Bonasi ikija pungufu, ni risiti zinazokutetea. Mbona basi tunapeleka jambo la mtoto, lililo zito kuliko majani, na kurudi bila risiti?

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Ofisi za umma nchini hutakiwa, chini ya mikataba yao ya utendaji kazi, kutoa ripoti kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayoitwa pia Ombudsman. Zinaeleza ni malalamiko mangapi yamepokelewa na mangapi yametatuliwa. Lalamiko lisiloandikwa halihesabiwi. Ofisi yenye daftari tupu inaweza kuonekana haina shida, kumbe watu wamechoka kurudi. Tukinung'unika sokoni na kunyamaza ofisini, tunasaidia shida zetu zifichike.

Tuseme ukweli pia upande wa pili. Maofisa ni wachache na shule ni nyingi. Wengi wao wana moyo wa kusaidia. Lakini ofisa mwema akihamishwa, anaondoka na yote aliyoyasikia. Daftari linabaki.

Mfano mzito ulitokea hapa jirani, Nakuru. Mwaka 2010 wasichana wawili wa shule ya msingi walidhulumiwa kimwili na mwalimu wao. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na hukumu ikatolewa Mei 2015. Mahakama ilisema kwamba lawama si ya mwalimu peke yake. Tume ya Kuajiri Walimu, yaani TSC, na serikali pia ziliwajibika, na watoto hao wakaamriwa walipwe fidia. Mahakama ilikemea tabia ya kuhamisha mwalimu wa namna hiyo kutoka shule moja hadi nyingine, kana kwamba hiyo ni dawa. Lalamiko likimalizwa kwa kunong'onezana na uhamisho, shida inahamia kwa mtoto wa mwingine.

3. SHERIA INASEMAJE?

- Katiba ya 2010, Kifungu cha 47: kila mtu ana haki ya kuhudumiwa na ofisi za serikali kwa haraka na kwa haki. Uamuzi ukimwumiza, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi.

- Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012: cheti cha mtahiniwa hakifai kuzuiliwa na mtu wala shule yoyote. Lakini tuelewane: sheria hii haifuti deni. Karo bado italipwa, ila cheti si rehani.

- Sheria ya Kupata Habari ya 2016: mwananchi anaweza kuomba habari kwa barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21.

- Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013: iko Bodi ya Elimu ya Kaunti. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi anaweza kukata rufaa kwa Baraza la Rufaa za Elimu.

4. TUTENDE

Kwanza, tujue mlango. Karo, vyeti na pesa za shule: anza na Bodi ya Usimamizi ya shule, kisha Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo. Mwenendo wa mwalimu: ofisi ya TSC, ambayo ni ofisi nyingine. Chekechea: serikali ya kaunti. Lakini mtoto akidhulumiwa kimwili, usingoje mkutano wowote. Ni polisi na hospitali siku hiyo hiyo, au piga simu 116 ambayo ni ya bure. Mambo haya hayasuluhishwi kwa ng'ombe wala kwa wazee.

Pili, andikeni. Barua ya ukurasa mmoja yatosha:

"Mimi ni mzazi wa (jina), aliyemaliza shule ya (jina) mwaka (…). Tarehe (…) niliomba cheti, nikanyimwa. Naomba shule iagizwe kukitoa. Kuhusu deni, niko tayari kulipa kidogo kidogo kwa maandishi. Naomba jibu kwa barua."

Tatu, pelekeni kopi mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine ipigwe muhuri na tarehe, nanyi mrudi nayo. Hiyo ndiyo risiti. Mkiogopa kwamba mtoto ataonewa, mwenyekiti na katibu waandike kwa niaba ya kikundi.

Nne, siku 21 zikipita bila jibu, andikeni barua ya pili mkitaja tarehe ya ile ya kwanza. Bado kimya? Pelekeni kopi zote kwa Ombudsman. Hakuna malipo.

Tano, vikundi vitatu au vinne vichague wajumbe waende ofisini, bila ugomvi, waombe mambo haya:

a) Daftari la malalamiko, kila moja na namba yake.
b) Muhuri kwenye kopi ya mwenye shida, bila kuombwa kitu kidogo.
c) Jina la ofisa anayeshughulikia, na tarehe ya jibu.
d) Tangazo ukutani, kwa Kiswahili na Kikipsigis, la kueleza utaratibu huo.
e) Kila muhula, hesabu isomwe kwenye baraza: mangapi yameingia, mangapi yameisha. Majina ya watu yasisomwe.

Mambo haya hayahitaji bajeti kubwa. Daftari ni bei ya kilo chache za sukari, na kikundi kinaweza hata kulinunua.

5. MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nani kati yetu amewahi kupeleka shida ya mtoto ofisini? Alirudi na karatasi gani?
2. Ni kitu gani kinachotuzuia kuandika: woga, kutojua kusoma, au kukata tamaa? Nani katika kikundi anaweza kuwaandikia wenzake?
3. Je, kikundi chetu chenyewe kina daftari la malalamiko ya wanachama? Kama hakina, tutawaombaje wengine?

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, katibu anunue faili moja. Kila barua yenye muhuri iwekwe humo. Tutakapowatembelea, tutaomba kuiona.