Modeli ya Lori la Jeshi: Zana ya Kufundishia Skeli

Mwalimu afundishaye skeli kwa ramani peke yake huona mara nyingi kwamba wanafunzi hupata jibu sahihi bila kujua maana yake. Hugawanya, huwekewa alama ya vema, kisha husahau. Hali hubadilika pale kosa la kugawanya linapozuia gurudumu kuzunguka. Ndiyo sababu tunawapendekezea walimu wanafunzi somo la kutengeneza modeli ya lori. Somo hili linafaa madarasa ya juu ya shule ya msingi, nalo huunganisha hesabu, kazi za mikono na historia.

Lori tulilochagua

Tumechagua GMC CCKW la Marekani, lililotengenezwa kati ya 1941 na 1945 kwa idadi iliyozidi 500,000. Lina ekseli tatu na matairi 10: mawili mbele na manane nyuma. Skeli yetu ni 1:20. Mwalimu aandike ubaoni vipimo halisi tu, navyo ni vya kukadiria. Vipimo vya modeli vitafutwe na wanafunzi wenyewe:

Urefu wa lori: sm 650 (modeli sm 32.5)
Upana: sm 224 (sm 11.2)
Kimo pamoja na turubai: sm 280 (sm 14)
Urefu wa bodi ya mizigo: sm 366 (sm 18.3)
Kipenyo cha tairi: sm 92 (sm 4.6)
Umbali kati ya ekseli mbili za nyuma: sm 112 (sm 5.6)

Hatua za kazi

Kwanza, chasisi. Vipande viwili vya mbao nyembamba huunganishwa kwa vipande vya kukingama. Ekseli ni spoki za baiskeli.

Pili, magurudumu, nayo yatangulie bodi. Kila tairi ni maduara matatu ya kadibodi nene yaliyogandishwa pamoja, yaliyochorwa kwa bikari iliyofunguliwa sm 2.3. Hapa ndipo hesabu hujipima yenyewe. Matairi ya sm 4.6 yakiwekwa kwenye ekseli zilizoachana sm 5.6, hubaki nafasi ya sm 1 kati yake. Mwanafunzi aliyekisia na kukata matairi ya sm 6 atayaona yakigongana. Mwalimu asimsahihishe upesi, amwulize, "Ulipima nini, na uligawanya kwa ngapi?"

Tatu, bodi, boneti na madigadi hukatwa kwa kadibodi nyepesi. Matao ya turubai ni waya. Turubai ni kitambaa kikuukuu kilichochovywa katika uji mwepesi wa wanga, kikaachwa kikauke juu ya matao ili kishike umbo.

Nne, ukamilishaji. Rangi ya jeshi hupatikana kwa kuchanganya manjano na nyeusi kidogo. Nyota nyeupe ichorwe mlangoni. Vumbi na tope ni udongo uliochekechwa, ukachanganywa na gundi. Usipakwe ovyo. Wanafunzi watoke nje wakatazame lori lililosafiri: tope limeshika wapi, na kwa nini huwa jingi nyuma ya magurudumu kuliko juu ya boneti? Kupamba bila kutazama si kujifunza.

Swali la kupanua fikra

Modeli ni fupi mara 20 kuliko lori. Je, ujazo wa bodi yake umepungua mara 20? Wengi watajibu ndiyo. Waelekezwe kwamba urefu, upana na kimo vyote vimepungua. Kwa hiyo ujazo umepungua mara 20 × 20 × 20, yaani mara 8,000.

Lori na historia yake

Modeli ya chombo cha vita isiachwe bila maelezo, mtoto asije akadhani vita ni mchezo. Lori hili lilibeba petroli, risasi na chakula. Tangu tarehe 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944, msafara ulioitwa Red Ball Express ulipeleka mahitaji kwa majeshi yaliyokuwa yakisonga mbele nchini Ufaransa. Takriban robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi lililowatenga kwa rangi yao. Amri ya Rais Truman ya kuondoa ubaguzi jeshini ilitolewa tarehe 26 Julai 1948. Darasa lijadili: ni haki gani aliyokosa dereva huyo hali alikuwa akiwalisha wenziwe vitani?

Upimaji

Tunaonya juu ya jambo moja. Mwalimu asiichukue kazi ya wanafunzi akaimalizia mwenyewe ili ipendeze kwenye maonyesho ya shule. Modeli iliyopinda kidogo, ambayo mwenyewe anaweza kueleza kila kipimo chake, ina thamani kuliko iliyonyooka kwa mkono wa mwalimu. Kila kundi lipewe rula na modeli ya kundi jingine, lipime, lizidishe kwa 20, na lilinganishe na vipimo vya ubaoni. Palipo na tofauti, makundi yote mawili yatafute chanzo chake kabla mwalimu hajasema neno.